Mteja Asiye na Haraka

Mwalimu hakuanza jambo lolote kabla ya kumaliza salamu, na salamu zake zilikuwa ndefu. Ungempigia simu kumwambia jiko lake linawaka moto, angetaka kwanza kujua umeamkaje, kazini kunaendaje, mguu wa mama yako kule nyumbani umepata nafuu, na kama mvua zimeanza. Mimi ni Mkenya, tena nesi, kwa hiyo subira nimenyimwa mara mbili. Miaka sita nilikaa mlango wa pili kutoka kwake pale Euless, Texas, kwenye zile fleti ambazo ndege hupita juu yake mchana kutwa, na sikuwahi kumzoea. Mara ngapi nimesimama nje na mfuko wa takataka mkononi, nimeshachelewa zamu, nikitoa habari za watu ambao mimi mwenyewe sikuwa nimeongea nao mwezi mzima. Siku hizi mlangoni kwangu hakuna anayeniuliza mguu wa mama, na nasema kweli, naukumbuka ule usumbufu.

Sote tulimwita Mwalimu, Watanzania wenzake, sisi Wakenya, na hata Wakongo wa Fort Worth wenye Kiswahili chao cha kuchanganya na Kifaransa. Kwao Tanga alifundisha jiografia hadi akastaafu. Huku alimfuata binti yake wa pekee, na kwa kuwa kukaa bure kulimtia homa, akapata kazi uwanja wa ndege ya kusukuma abiria kwenye viti vya magurudumu. Baadhi ya hao abiria walikuwa wadogo kwake kwa umri. Aliwapa pole ya safari mmoja mmoja na kuwauliza wametoka wapi, na wakishamjibu alikuwa na jambo la kuwaambia kuhusu mito na udongo wa huko kwao. Aliwahi kunisimulia kwamba bibi mmoja wa Nebraska alitoa leso akafuta macho, kwa kusikia mtu aliyetoka mbali hivyo akiutaja mto wa kwao na kuujua unakoelekea.

Mfukoni mwa shati alikuwa na kipande cha chaki siku zote. Mtu aliyeacha kufundisha zamani anatembea na chaki ya nini, nilimuuliza. Akanijibu kwamba kalamu hukauka. Mtungi wa gesi aliuandika chaki siku aliyouanza, mche wa mchicha kwenye ndoo aliuwekea alama ya chaki ulipofika, na gari langu lilipoanza kudondosha oili alichora duara kuzunguka doa ili tuone kama linakua. Kwenye reli ya kibaraza alifunga chupa ya soda aliyoikata shingo, ya kupimia mvua. Baada ya kila mvua ilibidi niambiwe imejaa kiasi gani, nitake nisitake.

Mkewe tulimwita Shangazi. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo na wa kicheko, magoti yameisha, anatembea kwa mkongojo na kuulaumu mkongojo. Ndiye aliyefua yale mashati na kuzikuta chaki zimegeuka uji mfukoni. Alimgombeza kila wiki, na kila wiki Mwalimu aliomba radhi kwa dhati kabisa, kisha akaenda kutia chaki mpya.

Ugomvi wangu wa kwanza na Mwalimu ulikuwa mezani kwao, juu ya chumvi. Nilisema, "Nipe chumvi," kama tunavyosema sisi. Aliweka kijiko chini taratibu, akanitazama kama aliyeona mtoto mzuri ametoka bila viatu.

"Nesi," akasema, "hiyo chumvi imekukosea nini?"

Nikafundishwa. Mtu husema naomba chumvi, na akipewa husema ahsante, na asipopewa husema haidhuru. Nilimwambia kwamba Nairobi ukiomba namna hiyo utakula chakula kimepoa. Shangazi alicheka mpaka akashika goti. Tangu siku hiyo mzaha wetu ukawa huo. Nikigonga mlango nilisema kwa makusudi, "Nipe chai," na Mwalimu alijifanya hasikii mpaka niseme vizuri.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa polepole. Kwa saa alikuwa mkali. Kadi ya harusi ikisema saa kumi na moja, yeye na Shangazi walikuwa ukumbini saa kumi na moja kasoro, wamekaa peke yao wamevaa vizuri, huku watu wanapanda ngazi kufunga mapambo na wapishi hawajafika. Watoto wa Jumamosi, wale aliowafundisha Kiswahili bure kwenye chumba cha mikutano cha fleti zetu, walimjibu kwa Kiingereza naye akangoja, kimya, mpaka wapate neno. Ila aliyechelewa dakika tano alisimama nyuma. Mtu mmoja mwenye ukali huo kwa watoto na upole ule kwa watu wazima waliomkosea, mimi sikuwahi kumwelewa, na hapo ndipo hadithi ya trela inapoingia.

Binti yao aliishi Sugar Land, chini kule Houston, ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti. Miaka mingi alikuwa ametafuta mtoto. Alipopiga simu kusema mimba imeshika, Shangazi alilia, akafuta macho, halafu hapo hapo akaanza kupanga arobaini. Kwao, na kwa wengi wetu, mwanamke akijifungua mama yake huja kumlea kwa siku arobaini. Humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga, humwogesha mtoto, na mzazi hana kazi ila kulala na kunyonyesha. Tatizo lilikuwa zile ngazi. Shangazi alikuwa amejaribu kuzipanda mara moja tu, na alikaa kwenye ngazi ya tisa mpaka mkwe wake akatoka kazini. Watu walimshauri aelekeze kwa simu, binti afuate. Akasema, "Mtoto wangu hatakandwa kwa video call."

Mwalimu alifikiri wiki moja, kisha akanunua trela. Nasema trela lakini ni nyumba, ile ya kuvutwa nyuma ya pikapu, yenye kitanda, jiko, choo na benchi refu chini ya dirisha. Dakika kumi kutoka kwa binti palikuwa na kiwanja cha kuegesha nyumba za namna hiyo, chenye maji na umeme. Mzazi na mtoto wangekuja kukaa arobaini humo pamoja na Shangazi, chini, ardhini, pasipo ngazi. Zile ngazi mbili za chuma za mlangoni Mwalimu alizifunika na mteremko wa mbao aliouunda mwenyewe. Sijamwona mwanamume anayefurahia kitu vile. Alilinunua jipya, likiwa na waranti ya mwaka mzima, na karatasi za waranti alizisoma zote, kitu ambacho nadhani hakijawahi kufanywa na binadamu mwingine.

Mvua ya kwanza maji yakaingia. Yalipita kwenye pembe ya dirisha, juu ya benchi, yakatelemka ukutani kwa ndani bila sauti. Mwalimu alikuwa amelihifadhi trela kwenye uwanja wa kukodi upande wa Haltom City, na mvua ikinyesha alipanda gari akaenda kukaa ndani yake na chaki. Kila palipolowa alichora duara, akaandika siku na saa ndani ya duara. Mvua ya tatu ilipopita alinichukua nikaone. Ukuta ulikuwa kama ubao wa darasani, na yeye pembeni akinieleza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, kwa raha kabisa, kana kwamba hayajaharibu kitu chake.

Akalipeleka kwa waliomuuzia. Mimba ilikuwa na miezi minne.

Kwenye gereji yao, mapokezi alikuwa mama mmoja wa Texas mwenye nywele nyeupe, mpole, mwenye picha ya mbwa wake mezani. Mwalimu na yeye walielewana siku hiyo hiyo. Baada ya wiki tano alipigiwa simu kwamba trela liko tayari. Alikwenda, akarudi, akaja kwangu akakaa. Nikamuuliza wamefanya nini.

"Wamelisafisha," akasema. "Wamelisafisha vizuri sana."

Walikuwa wamefuta chaki yote. Maduara, siku, saa, kila kitu, na wakapulizia manukato ya ndimu. Dirisha hawakuligusa. Mvua iliyofuata ikaingia palepale, na trela likarudi gereji. Hapo likaanza kukaa. Mara picha zimepelekwa kwa watu wa waranti, mara watu wa waranti wanataka picha nyingine, mara fundi wa madirisha yuko likizo. Kila Jumanne saa nne asubuhi Mwalimu alipiga simu. Alhamisi moja baada ya nyingine, siku yake ya mapumziko, alipeleka maandazi ya Shangazi kwenye bakuli lenye kitambaa, akawapa mafundi pole na kazi, akarudi na bakuli tupu na mikono mitupu.

Mimi nilitaka kupiga simu. Nilimwambia, "Mwalimu, wacha ni-call mimi. Dakika mbili tu." Najua namna ya kuongea na watu wa aina hiyo; kazini nimewahi kuitoa dawa kwenye famasi iliyokuwa imeshafungwa. Alikataa. Alisema wale ni watu wema na wana kazi nyingi, na kwamba kumpigia kelele mtu aliyekula maandazi yako si vizuri. Binti yake naye alimwambia kwa simu, "Baba, they're playing you, wanakuchezea," na Mwalimu akamuuliza anakula vizuri.

Mimba ikafika miezi minane. Shangazi alikuwa ameshanunua pilipili manga, taulo na beseni la kukandia, na vyote alivirundika karibu na mlango. Hakulalamika, lakini nilianza kumkuta amekaa akilitazama lile beseni. Siku moja aliniuliza, akijifanya ni mzaha, kama kwa ujuzi wangu wa hospitali mtu anaweza kupanda ngazi kwa makalio, moja moja, mpaka ghorofa ya tatu. Nilimwambia anaweza. Nilikwenda kwangu nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa na mapumziko, nikamwendesha Mwalimu mpaka gereji. Bakuli la maandazi alilipakata yeye kwenye mapaja. Mama wa mapokezi alituona akafurahi, na baada ya habari za mbwa, ambaye alikuwa na shida ya nyonga, Mwalimu akauliza kwa upole habari za trela. Bado. Halafu yule mama, kwa wema wake wote, akageuza kioo cha kompyuta upande wetu ili Mwalimu aone jinsi wanavyompenda. Kila mteja alikuwa na faili, na kwenye faili la Mwalimu, kila Jumanne, palikuwa na mstari mmoja. Mteja mzuri mno. Anasema hana haraka. Jumanne nyingine: mteja anasema tufanye tukipata nafasi. Nyingine: hana haraka. Ulikuwa ukurasa mzima hivyo. Nikamuuliza yule mama faili za wasio na haraka huwekwa wapi, akanijibu bila hila yoyote kwamba huwekwa baada ya zile za wenye haraka. Na wenye haraka, akasema akicheka, hawaishi.

Mwalimu aliusoma ukurasa wote. Alimshukuru. Akamwachia maandazi.

Tukaingia barabara kuu. Nilikuwa na hasira mpaka mikono inauma kwenye usukani, na sikujua namkasirikia nani. Ndipo akasema, akitazama mbele, "Nesi, kwetu mtu akikuambia hana haraka, wewe ndiye unayetakiwa kuharakisha."

Nikamwambia najua, Mwalimu.

"Mkipata nafasi," akasema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia. Kila Jumanne."

Nimewatazama wagonjwa wengi wakipewa habari mbaya na uso ule ninaujua. Alikuwa ameishi maisha yake yote akiamini kwamba ukimheshimu mtu vya kutosha atajiona ana deni la heshima kwako, na huku amewekwa nyuma ya foleni na heshima yake mwenyewe. Nilimwonea huruma ambayo sikujua niiweke wapi. Kwa hiyo nilifanya nijualo. Nilimwambia jioni hii kabla ya kula kuna darasa, na mwalimu ni mimi.

Tulikaa mezani kwao. Shangazi alikuwa mama wa mapokezi, ameshika kijiko sikioni. Kazi ya Mwalimu ilikuwa sentensi moja: nataka trela langu, binti yangu anajifungua baada ya wiki tatu. Bila salamu, bila mbwa.

"Halo," akasema Shangazi.

"Habari za asubuhi, mama, naomba..."

"Hapana," nikasema.

"Halo."

"Samahani kwa usumbufu..."

"Hapana, Mwalimu."

Alijaribu nadhani mara kumi. Lile neno nataka lilimkwama kama mwiba wa samaki. Mara akalitangulizia kama inawezekana, mara akalimalizia kwa kuuliza au nyinyi mnaonaje. Nilimsimamisha nyuma kama alivyowasimamisha wale watoto wa Jumamosi, na alisimama kweli, mikono nyuma. Mwishowe alifumba macho akalisema lote, moja kwa moja. Shangazi akaweka kijiko chini.

"Mume wangu," akasema, "miaka yote hii hujawahi kuniambia mimi nataka."

"Wewe hukuwahi kunichelewesha," akajibu, na wote wawili wakaangua kicheko, na mimi nikaenda kutafuta chumvi ambayo sikuihitaji.

Jumanne saa nne alipiga simu, mimi nikiwa nimekaa mbele yake kama msimamizi wa mtihani. Alisema sentensi yake. Yule mama akauliza kwa wasiwasi kama yuko salama. Akasema yuko salama, anataka trela lake. Mama akasema atakwenda mwenyewe kwa msimamizi sasa hivi. Hapo Mwalimu akaniangalia kama mtu anayeomba ruhusa, nikatikisa kichwa kukubali, naye akauliza nyonga ya mbwa.

Siku ya tisa trela likatoka. Pembe ya dirisha ilifumuliwa na kuzibwa upya kwa nje, na maji hayakuingia tena. Ila ubao wa ukuta kwa ndani ulikuwa umeshavimba na kupiga madoa, na huo ulihitaji kubadilishwa mzima. Watu wa waranti walikubali kuulipia. Ubao umeagizwa kiwandani, wakasema, ukifika tutakupigia, na hata kama mwaka umeisha dai lako liko wazi. Mwalimu akawaambia ahsante. Halafu, namsifu kwa hili, akafunga mdomo.

Mtoto alizaliwa wa kike, na Shangazi alikuwa amefika siku nne kabla.

Niliwatembelea katikati ya arobaini, nikaendesha kutoka Euless mpaka Sugar Land na bakuli la chapati kiti cha pembeni. Ndani ya trela palikuwa na joto la mvuke na harufu ya pilipili manga. Binti alikuwa amelala kitandani amefungwa tumbo kwa kanga, anasinzia kama mfalme. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu mmoja umenyooshwa, mtoto amelazwa kando yake sambamba na ule ukuta uliovimba. Pale ukutani niliona mistari miwili mifupi ya chaki. Alikuwa amemchomolea Mwalimu chaki mfukoni, na kila Ijumaa alimnyoosha mtoto kwa upole, kichwa kwenye ukingo wa dirisha, akapiga mstari nyayo zilipofika. Mistari ilikuwa imepinda. Penye mmoja palibaki alama ya kidole gumba chake, pale alipojiegemeza ili ageuke. Mwalimu alikuwa ameleta rula. Shangazi alikuwa ameikataa rula, akamwambia huyu ni mtoto si mvua.

Na Mwalimu, mtu aliyeandika tarehe mpaka kwenye mtungi wa gesi, hakuandika kitu pale. Alikaa kwenye kiti cha kukunja nje ya mlango, juu ya mteremko wake wa mbao, akiwasalimia wapita njia wa kile kiwanja, Wamarekani wazee wenye mbwa wadogo. Wiki ile alikuwa ameshawajua wote. Nikamwambia nipe chai. Akasema hasikii vizuri siku hizi.

Shangazi alifariki mwaka uliofuata, majira ya baridi, alasiri moja, kwenye kochi lao pale Euless, akiwa anakunja nguo. Moyo tu. Mlango aliougonga Mwalimu ulikuwa wangu. Alinisalimu. Maishani mwangu sitasahau kwamba alinisalimu, akaniuliza nimeshindaje, na mimi kwa mara ya kwanza nilijibu yote, kwa sababu nilikuwa nimeshauona uso wake na nilitaka ile salamu isiishe.

Tulimzika Houston ili awe karibu na mjukuu. Mwalimu hakurudi Euless. Alihamia ndani ya trela, kwenye kilekile kiwanja, na binti alipomwambia aje akae nao alisema ngazi zile hata yeye hazimpendi. Ilikuwa uongo, alizipanda kila siku kumwona mtoto, na miaka ilipopita, kumpeleka shule ya chekechea.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka huu, mwezi wa nne, siku ya mvua. Nilikuwa nimehamia kazi nyingine na nilikuja Houston kwa mafunzo, nikapita bila kumwarifu. Alikuwa amekonda, na shati lilikuwa safi mno. Mfukoni hapakuwa na alama ya chaki. Salamu zilichukua muda wake. Mama yangu mzima, mguu vilevile. Nikasema naomba chai, akainamisha kichwa kidogo kuonyesha amesikia.

Benchi lilikuwa palepale. Ule ukuta alikuwa ameufunika kwa plastiki ngumu inayoonyesha, amebandika kingo zote kwa mkanda, na chini ya plastiki ilikuwepo mistari sita iliyopinda na ile alama ya kidole gumba. Madoa ya maji yalikuwa yamekuwa ya kahawia kuizunguka. Mtoto, akaniambia, humwonyesha kila mgeni alikuwa mfupi kiasi gani.

Tulikuwa kwenye kikombe cha pili simu yake ilipoita. Akaiweka spika, kwa mazoea ya wazee. Alikuwa kijana wa gereji, sauti ngeni, mchangamfu. Akasema ana habari njema. Ule ubao wa ukuta umefika kutoka kiwandani, wanaomba radhi umechukua muda mrefu hivyo, dai bado liko wazi, hakuna gharama yoyote. Alete trela, waung'oe ukuta wote wa zamani, siku tatu tu litakuwa kama jipya.

Mwalimu alikuwa ameshika kikombe. Hakumsalimu. Hakumuuliza jina.

"Hapana," akasema kwa Kiingereza. "Sitaki. Huo ukuta usiguswe na mtu yeyote."

Akakata simu. Kikombe alikiweka kwa nguvu mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Mvua ilikuwa inagonga paa na ndani palikuwa pakavu kabisa. Akanigeukia, akaniangalia kama jioni ile ya darasa la kijiko sikioni.

"Nesi," akasema, "nimesema vizuri?"

Nikamwambia amesema vizuri sana, Mwalimu. Na sioni haya kuandika hapa kwamba nililia. Yeye alifuta sahani kwa leso, akakaa akiitazama simu. Nikaona kuna kitu kinamsumbua.

"Sikumsalimu yule kijana," akasema. "Alikuwa ananiletea habari njema."

Akaichukua simu akapiga tena. Yule kijana alipopokea, Mwalimu alimuuliza jina lake, ameamkaje, ni mzaliwa wa wapi, na wazazi kama wako hai. Kijana akajibu kwa kusitasita, kisha akaanza kujibu kwa urefu. Alikuwa mtu wa upande wa Lubbock na mama yake alikuwa mgonjwa, na Mwalimu akampa pole na kumuuliza mvua za huko. Halafu akaanza kumweleza kuhusu ukuta, kwa nini hauguswi, akianzia kwenye zile ngazi za ghorofa ya tatu. Saa ya mafunzo yangu ilikuwa imefika. Nikajimiminia chai, nikakaa kwenye benchi la Shangazi, nikasikiliza yote, kwa kuwa safari hii hata mimi sikuwa na haraka.